UZI: Mwili unavyopambana na mpira wa hospitali (puani, kooni, kwenye kibofu), na kwa nini tuache kuuita woga

Kachero wa Zamu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna kauli nimeisikia wodini mpaka imenichosha: "Mtu mzima mzima unaogopa mpira!" Anaambiwa mgonjwa anayewekewa mpira wa puani. Machozi yanamtoka, koo linakataa, kijasho chembamba kinamshuka, na mpira wenyewe haujavuka hata pua. Anaondoka pale na maumivu, na aibu juu yake. Mimi kazi yangu ni dawa za usingizi, makoo ya watu ndiyo ofisi yangu, na nasema wazi: kauli ile ni uonevu, na kitaalamu haina miguu. Uzi huu ni wa kueleza mwili unafanya nini hasa mpira unapopitishwa mahali usipozoeleka.

Nianze na ushahidi mmoja. Ukiuelewa huu, mengine yatakuja yenyewe.

Mgonjwa amelala kwa dawa. Amelala kweli kweli: ukimwita haitiki, ukigusa kope hazichezi. Namfungua mdomo, naingiza laringoskopu, kile kifaa chenye bapa la chuma na taa, nainua ulimi mpaka nione nyuzi za sauti, napitisha mpira wa kupumulia. Tazama skrini wakati huo. Mapigo yaliyokuwa 70 yanapanda kuelekea 100, presha inafuata ndani ya sekunde chache. Kilele kinafika ndani ya dakika moja au mbili, kisha vyote vinashuka taratibu, na zikipita dakika 5 mara nyingi vimerudi vilipokuwa. Si jambo jipya. Reid na Brace waliliandika mwaka 1940, King na wenzake wakalipima kwa wagonjwa waliolala kwa dawa ya usingizi mwaka 1951, na tangu hapo kila anayesomea dawa za usingizi anafundishwa kulitarajia na kuliwekea dawa, hasa kwa mwenye ugonjwa wa moyo au uvimbe kichwani.

Sasa niambieni, mtu aliyelala namna ile anaogopa nini? Hajui kama kuna mpira. Hajui kama ana koo. Lakini mwili wake umeshtuka vilevile.

Kwa hiyo mshtuko wa mpira unaingia kwa milango miwili. Mmoja ni wa akili: kujua, kusubiri, kuwaza. Mwingine ni wa mguso: neva za puani, kooni na kwenye mrija wa mkojo, ambazo zinapiga ripoti kwenye shina la ubongo bila kumuuliza mwenye mwili. Maneno mazuri yanatuliza mlango wa kwanza. Ganzi na mikono mizuri vinatuliza wa pili. Ukitumia dawa ya mlango mmoja kwenye mwingine, unapoteza muda wako na wa mgonjwa.

Naendelea hapo chini, nipeni nafasi.

---

Kisiki Hakisogei

Nimekaa mkao wa kula mkuu. Shusha.

---

Kachero wa Zamu

Mlango wa kwanza.

Mgonjwa amelala kitandani, anaona sinia linakuja. Glovu, jeli, plasta, na ule mpira uliokunjwa kwenye pakiti. Hajaguswa. Hapo hapo amigdala, sehemu ya ubongo inayopima hatari, imeshatoa taarifa kwa hipothalamasi, sehemu nyingine ndogo ya ubongo inayoongoza homoni na neva za ndani. Hipothalamasi inatuma amri kwa njia mbili zenye kasi tofauti, na kasi hii ndiyo inayoeleza mambo mengi ambayo wagonjwa huuliza baadaye.

Njia ya haraka ni ya neva. Inashuka kupitia uti wa mgongo hadi kwenye tezi za adrenali, zile zilizokaa juu ya figo. Kiini cha tezi hizo kinamwaga kwenye damu adrenalini kwa wingi, kama asilimia 80 ya kinachomwagwa, na kilichobaki karibu chote ni noradrenalini. Moyo unaongeza kasi na nguvu. Mishipa ya ngozi inabana, ndiyo maana mikono inakuwa ya baridi. Mboni zinapanuka. Ini linaachia sukari. Jasho linatoka. Adrenalini ikishamwagwa haikai, nusu yake inaondoka kwenye damu ndani ya dakika 2 au 3.

Njia ya pili ni ya homoni na haina haraka. Hipothalamasi inaamsha pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, pituitari inaamsha gamba la tezi zilezile za adrenali, na kotisoli, homoni ya msongo, inatoka. Kilele chake ni kama dakika 20 hadi 30 baada ya mshtuko kuanza. Maana yake ni kwamba mpira umeshawekwa, plasta imebandikwa, nesi ameshaenda kwa mgonjwa mwingine, na kotisoli ndiyo kwanza inapanda. Mnaouliza "mbona nilijisikia hovyo wakati kila kitu kimekwisha?", jibu lenu mojawapo liko hapo.

Na tumbo? Walter Cannon, yule wa Marekani aliyeandika mwaka 1915 kuhusu mwili kujiandaa kupigana au kukimbia, alianza safari yake kwa kutazama matumbo ya paka kwa eksirei mwishoni mwa miaka ya 1890. Aliona kwamba paka akihangaika, mikunjo ya tumbo inayosukuma chakula inasimama palepale. Akitulia, inaanza tena. Mtu anayewekewa mpira wa tumboni akiwa amehamaki ana tumbo lililosimama kazi na koo linalotekenywa kwa pamoja. Kichefuchefu kitakosaje kuwepo?

---

BintiMwerevu

Kaka hapo kwenye kusubiri umenigusa. Nilikalishwa kwenye benchi nje ya chumba cha kipimo cha tumbo kwa kamera, mlango uko wazi nusu, nasikia mwenzangu ndani anakokomoka. Zamu yangu ilipofika nilikuwa nimeshalowa jasho. Kipimo chenyewe, wallahi, kilikuwa kifupi kuliko lile benchi.

---

Kachero wa Zamu

Dada, hilo benchi ni sehemu ya kipimo ila hakuna anayeliandika kwenye faili.

Kuna kazi ya mtafiti Jay Weiss, mwanzoni mwa miaka ya 1970, nawasimulia kwa sababu inaingia hapa moja kwa moja. Panya walipigwa shoti za umeme mkiani. Kundi moja lilipewa mlio wa kutahadharisha kabla ya shoti, kundi jingine mlio ulikuja ovyo ovyo bila uhusiano na shoti. Umeme ulikuwa uleule, sawasawa. Waliopewa tahadhari walipata vidonda vya tumbo vichache kuliko wenzao. Aliyekuwa anajua shoti inakuja lini alijua pia wakati ambao haiji, na wakati huo mwili wake ulipumzika. Asiyejua alikaa macho muda wote.

Ndiyo maana mimi siungi mkono ile mbinu ya "usimwambie, atashtuka, weka tu". Mgonjwa asiyeambiwa hajui lini amalize kusubiri.

---

Mzee Kijana

Mkuu mimi napingana na wewe kidogo. Nimeuguza baba. Nesi aliyekuja akaeleza, akaeleza, akaeleza, mzee akazidi kutetemeka. Akaja mwingine, akasema "meza mate mzee wangu", fyu, umeingia. Maelezo mengi nayo ni mateso.

---

NesiWaUsiku

Naomba nimjibu Mzee Kijana, maana hii ndiyo kazi yangu ya kila zamu.

Kaka yangu, wote wawili tuna haki. Kueleza siyo kuhutubia. Mgonjwa hahitaji kujua umio una urefu gani. Anahitaji mambo machache: utahisi nini, wapi patakuwa pabaya zaidi, pabaya hapo patachukua muda gani, na utanisimamisha vipi. Hilo la mwisho ndilo ninalolipenda. Namwambia, "Mama, ukiinua kidole hiki, nasimama. Siutoi, nasimama tu." Nashika mkono wake nimwonyeshe kidole chenyewe. Wengi hawakiinui kabisa. Lakini utawaona wamekishika tayari juu ya shuka, wanakitazama, na mabega yanashuka.

Yule wa "fyu" alikuwa na mikono mizuri, simnyimi sifa yake. Ila mzee angepaliwa hapo, angekuwa hana namna ya kumwambia.

---

Kachero wa Zamu

Nesi umemaliza. Sasa mlango wa pili, na hapa nataka twende sentimita kwa sentimita, mpira wa puani kwenda tumboni.

Puani. Ngozi ya ndani ya pua inahudumiwa na neva ya 5 ya kichwa, trijemia, na ina hisia kali mno. Mpira ukiigusa, ripoti inakwenda kwenye shina la ubongo na kurudi kupitia neva ya 7 hadi kwenye tezi za machozi. Machozi yanatoka hata kwa askari. Hayo si kilio, ni neva mbili zimeongea. Na kama mtu anaelekeza mpira juu badala ya kuulaza sambamba na sakafu ya pua, anagonga vile vinyama vya pembeni mwa pua na maumivu yanakuwa ya bure.

Nyuma ya pua, mpira unapokata kona kushuka. Hapa wengi wanashtuka kwa sababu panasukumwa kidogo. Panapita.

Kooni. Hapa ndipo pabaya. Ukuta wa nyuma wa koo na shina la ulimi vina neva ya 9. Ikiguswa, shina la ubongo linajibu kupitia neva ya 10, vagasi, na koo linajikaza, ulimi unasukuma nje, kifua na tumbo vinabana. Mwili unatema kitu ambacho hakikupaswa kuwa pale. Huwezi kumwambia mtu "usikokomoke" kama vile huwezi kumwambia asipepese jicho likipulizwa.

Lakini kuna tendo moja ambalo mwili haulifanyi sambamba na kukokomoka: kumeza. Mtu akimeza, zoloto (kisanduku cha sauti) linapanda, kidakatonge kinafunika njia ya hewa, mlango wa juu wa umio unalegea. Kwa hiyo kidevu kikishuka kifuani, akapewa maji kidogo kwa mrija wa kunywea (kama anaruhusiwa kunywa), kila funda linapomezwa mpira unasogezwa. Anayeweka afuate funda la mgonjwa. Mgonjwa asilazimishwe kufuata mkono wa anayeweka. Tofauti ya hapo ni kubwa kuliko mnavyodhani.

Zoloto. Mpira ukikosea ukaelekea njia ya hewa, kikohozi kinalipuka, sauti inakatika, mgonjwa anabadilika rangi. Rudisha nyuma mara moja. Mwambie aseme neno: mpira uliokaa kati ya nyuzi za sauti hauachi mtu aongee vizuri. Ila tahadhari, mgonjwa dhaifu sana au asiye na fahamu anaweza kupaliwa kimyakimya, ndiyo maana kabla ya kulisha kitu chochote mpira unathibitishwa kwa kupima asidi ya majimaji yaliyovutwa, pH 5.5 au chini yake, au kwa eksirei. Kupuliza hewa na kusikiliza tumbo haitoshi.

Umio na tumbo. Ukishafika hapa, mawimbi ya kumeza yanaubeba. Kwa mtu mzima mpira unakaa kama sentimita 50 hadi 60 kutoka tundu la pua, kulingana na kimo. Hisia ya kitu kooni inabaki, ila ile vita imekwisha.

Ganzi inasaidia kwenye pua na koo, lakini ipewe dakika zake. Kupaka jeli ya lidokeini na kuingiza mpira papo hapo ni kulainisha tu.

---

Kisiki Hakisogei

Mkuu umesema presha na mapigo vinapanda. Mbona mimi nikiwekewa kanula ya dripu naona giza, naanguka? Mapigo walisema yalishuka mpaka 40. Mimi ndiye mlegevu sasa au?

---

Kachero wa Zamu

Ulegevu haupo. Wewe umekutana na upande wa pili wa hadithi, na wengi wanaoandika juu ya mshtuko wanausahau.

Vagasi ni neva inayotuliza moyo. Kwenye tukio kama la kwako, mapigo yanapanda kwanza, kisha vagasi inaingia kwa nguvu, moyo unapunguza kasi, na wakati huohuo mishipa ya damu, hasa ya miguuni na tumboni, inalegea. Presha inaanguka, ubongo unakosa damu ya kutosha kwa sekunde kadhaa, unazirai. Dalili za awali ni miayo, masikio kuvuma, jasho la baridi, rangi kukupotea. Ukiziona, lala chali, miguu juu. Usijikaze kukaa wima.

Pua nayo inaweza kuamsha vagasi. Trijemia ina njia ya moja kwa moja kwenda kwenye kiini cha vagasi, ileile inayopunguza mapigo mtu anapozamisha uso kwenye maji baridi. Na kwa watoto wachanga vagasi ina sauti kubwa kuliko kwetu, kwa hiyo koo likisumbuliwa, moyo unaweza kushuka badala ya kupanda. Sisi tunaowawekea mpira wa kupumulia tunakuwa na atropini, dawa ya kupandisha mapigo, karibu.

Kisiki, kwako ushauri wa "vuta pumzi polepole, legea" unaweza kukuharibia. Pumzi ndefu za kutoa zinaamsha vagasi, na yako tayari imezidi. Kuna mbinu iliyofanyiwa kazi Sweden na Öst na wenzake miaka ya 1980: unakaza misuli ya mikono, kiwiliwili na miguu kwa sekunde 10 hadi 15 mpaka uhisi uso unapata joto, unaachia sekunde 20 hadi 30, unarudia. Inapandisha presha. Mkono wa kanula ndio usiukaze.

---

MamaPacha

Dokta au kaka sijui nikuiteje, umegusa watoto. Wangu walizaliwa kabla ya wakati, wakalishwa kwa mpira wa mdomoni. Kila ukibadilishwa nilikuwa natoka nje, siwezi. Walikuwa wanaumia kweli au ni mimi tu?

---

Kachero wa Zamu

Mama, walikuwa wanahisi, na vizuri umeuliza. Kichanga hana mlango wa kwanza kwa namna yetu, hajui kusubiri mpira. Mlango wa pili anao kamili. Anaonyesha kwa kukunja uso, kutanua vidole, mapigo kubadilika, oksijeni kushuka.

Na dawa zake ni rahisi. Matone ya maji ya sukari ulimini dakika chache kabla, maziwa ya mama, kunyonya kitu, kufungwa vizuri mikono na miguu ikiwa imekunjwa, au kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi. Vinapunguza dalili za maumivu kwenye vitendo vidogo vidogo vya wodini. Kutoka kwako nje si kosa, kila mzazi na moyo wake. Ila mzazi anayeweza kubaki, mikono yake ina kazi.

---

Mzee Kijana

Tumezungumza pua na koo. Wanaume wenzangu mnakwepa mpira wa mkojo 😅 Semeni ukweli.

---

NesiWaUsiku

Hahaha nilijua utafika huko.

Basi sikiliza. Mrija wa mkojo una msuli wa kufunga unaouamuru mwenyewe, ule ule unaoubana ukitafuta choo. Ukishtuka unaubana. Ukiubana, mpira unagota. Ukigota unauma. Ukiuma unabana zaidi. Nesi asiye na subira anasukuma, na hapo ndipo watu wanapochubuka. Dawa yake: jeli ya ganzi, tusubiri dakika 5 au zaidi, halafu mpira ukifika kwenye msuli nasimama. Namwambia atoe pumzi taratibu kama anayepuliza mshumaa, au ajaribu kama anayekojoa. Msuli unaachia, napita. Kisiki na ile mbinu yako ya kukaza, huku usije nayo.

Mpira ukishakaa, wengi wananiita: "Nesi, nimebanwa na mkojo." Mkojo unatoka kwenye mfuko, kibofu kitupu. Ni puto la mpira linakaa sakafuni mwa kibofu, eneo lenye neva nyingi za kutoa taarifa ya kujaa. Hisia ni ya kweli ingawa mkojo haupo. Mara nyingi inapungua. Ila kwanza nahakikisha mpira haujakunjwa, maana mkojo unaweza kuwa umezibwa kweli.

Na tuache mzaha, kinachoumiza wanaume wengi ni kuvuliwa nguo mbele ya watu.

---

Kachero wa Zamu

Hilo la mwisho Nesi amelisema kama utani na ni la kisayansi kuliko yote. Dickerson na Kemeny mwaka 2004 walikusanya majaribio 208 ya maabara yaliyopima kotisoli kwa watu wakipewa mitihani ya kuwatia presha. Mitihani iliyopandisha kotisoli zaidi ilikuwa na sifa mbili pamoja: mtu hana udhibiti wa kinachotokea, na kuna watu wanaomtazama na kumpima.

Mgonjwa kafunuliwa, pazia liko wazi, wanafunzi wamesimama miguuni pa kitanda, hakuna aliyemwambia itachukua muda gani. Umemwekea sifa zote mbili kwa mkupuo. Kuvuta pazia na kumfunika shuka hadi pale panapohitajika ni matibabu kama jeli ilivyo matibabu. Nashangaa tunavyohesabu glovu na hatuhesabu macho.

---

Shangazi wa Mtaa

Naomba nichomekee jambo kwa faida ya wanaouguza waliopooza. Ndugu yetu aliumia shingo, ana mpira wa mkojo wa kudumu. Siku moja kichwa kilimuuma ghafla vibaya mno, uso mwekundu, jasho la kichwani tu. Mahali tulipompeleka kwanza wakatupa vidonge vya maumivu. Baadaye ndipo ikaonekana mpira ulikuwa umekunjwa chini ya paja. Ulipokunjuliwa, presha ikashuka.

---

Kachero wa Zamu

Shangazi asante sana, na hili ni la kuokoa maisha, kila anayeuguza alisome mara mbili.

Aliyeumia uti wa mgongo kuanzia pingili ya 6 ya kifua kwenda juu anaweza kupata hali hiyo. Kibofu kikijaa, mpira ukiziba, au hata wakati wa kuubadilisha, taarifa inapanda kutoka chini na mwili wa chini unajibu kwa kubana mishipa. Kwa mtu mzima asiyeumia, ubongo ungetuma amri ya kulegeza. Kwake amri haipiti pale palipokatika. Presha inapaa, moyo unapunguza kasi kujaribu kufidia, juu ya jeraha ana jasho na uso mwekundu, chini ngozi imepauka. Kumbuka presha yake ya kawaida huwa ya chini, kwa hiyo ongezeko la 20 hadi 40 juu ya kawaida yake ni dalili tayari, hata kama namba yenyewe haikutishi.

Mkalishe wima, miguu ishuke. Legeza nguo na chochote kinachobana. Fuata mpira kutoka mwilini hadi kwenye mfuko kama umekunjwa. Piga simu ya msaada huku ukifanya hayo. Anaweza kupata kiharusi. Haya hayangoji asubuhi.

---

BintiMwerevu

Kaka, swali. Kuna watu wanaozoea? Maana kuna wagonjwa wanajiwekea mpira wenyewe kila siku nyumbani.

---

Kachero wa Zamu

Wapo, na ushahidi wake ni wa zamani. Mwaka 1868 huko Freiburg, Ujerumani, daktari Adolf Kussmaul alitaka kutazama ndani ya tumbo kwa bomba lililonyooka, gumu, lenye urefu wa sentimita 47. Nani atakubali? Akamtumia mmeza panga. Mtu yule alikuwa ameshalizoeza koo lake kwa miaka, bomba likapita. Taa za wakati ule ndizo zilizomwangusha daktari, hakuona cha maana.

Koo likiguswa mara kwa mara, kidogo kidogo, na mwenyewe akiwa ndiye anayeamua, linapunguza ukali. Wanaojiwekea wenyewe wana faida hiyo, na mkono ni wao.

Mfano wa upande mwingine: Werner Forssmann, mwaka 1929, mji wa Eberswalde. Alipasua mshipa wa mkono wake, akasukuma mpira sentimita 65 mpaka moyoni, kisha akatembea kwa miguu yake hadi chumba cha eksirei kupiga picha ya ushahidi. Alisema alihisi joto tu. Ukuta wa ndani wa mshipa wa damu hauna kelele kama koo. Alipata Nobel mwaka 1956. Koo sentimita chache ni vita, mshipa sentimita 65 ni joto. Kinacholeta tofauti ni neva za njia unayopita.

(Msijaribu nyumbani. Najua kuna watu humu.)

---

Kisiki Hakisogei

Hahaha mkuu umenitazama mimi.

Swali la mwisho kwangu: kwa nini nakumbuka kila kitu cha siku ile na sikumbuki nilichofanya wiki iliyofuata?

---

Kachero wa Zamu

Adrenalini inasaidia ubongo kukaza kumbukumbu za tukio. Halafu kumbukumbu yenyewe haipimi muda. Redelmeier na Kahneman walifuatilia watu waliofanyiwa kipimo cha utumbo mpana kwa kamera, wakachapisha mwaka 1996: mgonjwa baadaye alikumbuka zaidi pale palipouma kuliko pote, na mwisho ulivyokuwa. Urefu wa kipimo haukuwa na uzito mkubwa. Mwaka 2003 wakaonyesha kwamba kuacha ncha ya kamera imetulia kwa muda mfupi kabla ya kuitoa kuliwafanya wagonjwa wakumbuke kipimo chote kuwa na nafuu zaidi.

Kwa hiyo anayetoa mpira kwa kuuchomoa kwa pupa anaharibu na kumbukumbu ya kazi nzuri aliyoifanya mwanzoni.

---

Mgeni Mpya

Wakuu nimesoma uzi wote. Mimi nina kipimo cha tumbo kwa kamera kesho asubuhi, na nina presha na sukari. Nifanye nini?

---

Kachero wa Zamu

Karibu. Dawa zako za presha na sukari uliza leo waliokupangia kipimo, ipi unywe na ipi uache, usiamue mwenyewe na usisubiri ufike mlangoni. Ukifika waambie magonjwa yako yote mawili na dawa unazotumia. Uliza kama wanapuliza ganzi kooni au wanatoa dawa ya kusinzia. Ukipewa ya kusinzia, uwe na mtu wa kukurudisha, hutaendesha. Omba ukae mbali na ule mlango ulioachwa wazi, usisikie sauti za wenzako.

Ndani, tazama kitu kimoja ukutani, toa pumzi kwa muda mrefu kuliko unavyovuta, acha mate yatiririke nje, usiyameze kwa nguvu. Kabla ya kuanza, kubalianeni ishara ya mkono na atakayekushika.

Ukipimwa presha au sukari mara tu baada ya kipimo na namba zikawa juu, usihesabu hizo kuwa ndizo zako. Omba wapime tena ukishatulia. Na ukishatoka usile wala kunywa mpaka ganzi ya koo iishe, wao watakuambia saa.

---

NesiWaUsiku

Na meno ya bandia toa uyaache nyumbani, au yaweke kwenye kikopo chenye jina lako. Nimeshatafuta ya watu mpaka kwenye mashuka ya kufuliwa.